Vigingi vya Barabara ya Mtoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa nyundo na mzigo wa vigingi, nikaambiwa nimfuate mtu mmoja mfupi mwenye kofia ya kaki na nisiulize maswali. Mtu huyo alikuwa Msimamizi wa Barabara wa Lodwar, mwenyeji wa Lorugum, na ndiye aliyenifundisha kazi. Tulianzia chini ya daraja la Turkwel, upande wa mjini, tukateremka na ukingo wa mto. Kila alipokanyaga mchanga kwa kisigino, mimi nilipigilia kigingi. Kigingi ni kipande cha mti kilichochongwa ncha upande mmoja na kupakwa chokaa upande wa pili; safu yake huonyesha katikati ya barabara itakayojengwa. Tulikwenda hivyo mpaka pale laga ya Kawalase, mto wa mchanga unaopata maji wakati wa mvua tu, inapoingia Turkwel, na jioni viganja vyangu vilikuwa vimechubuka.

Ndivyo ilivyoanza Barabara ya Mtoni. Nawaandikia ninyi vijana mnaoipita leo kwa bodaboda, mkidhani imekuwapo tangu nchi iumbwe. Ni fupi. Ukiacha chai yako mezani karibu na daraja, ukaenda kwa gari mpaka Kawalase na kurudi, utaikuta bado inatoa mvuke. Inapita nyuma ya soko, inapita kwenye pampu za maji, halafu inafuata mto bila kuuacha hadi kwenye drifti, yaani ile sakafu ya zege iliyolazwa juu ya mchanga wa laga ili magari yavuke maji yakiwa machache. Kabla yetu palikuwa na njia ya mbuzi na ya wanawake wenye mitungi ya maji. Malori ya mchanga yalikuwa yakipita katikati ya soko na kukanyaga mboga za watu, na ofisi ilitaka yapate njia yao.

Nilidhani kesho yake tungeanza kuchimba. Nilipouliza, Msimamizi alicheka.

"Kesho tunaenda kuziba mashimo njia ya Kalokol."

"Na hii?"

"Hii tumelaza vigingi. Iache ilale."

Kulaza vigingi ndiko nilikotaka kuwaeleza tangu mwanzo wa maandishi haya. Baadaye nilijinunulia vitabu vya ujenzi wa barabara vilivyotumika, vingine bila jalada, nikajifunza mwenyewe kusoma michoro na kupima mteremko wa maji. Kulaza vigingi sikukuta katika kitabu chochote. Ilikuwa desturi ya wasimamizi wa Turkana. Unapigilia vigingi, unaondoka, unafanya kazi nyingine. Unarudi baada ya muda, unaangalia. Vikiwa vimesimama, unachimba. Mahali vilipong'olewa, unaweka sepeto chini na kwenda kuuliza.

Tuliporudi, vyetu vilikuwa vimesimama kote isipokuwa sehemu moja baada ya pampu, penye migunga mikubwa na mikoma. Pale palikuwa tupu. Vigingi havikutupwa. Vilikuwa vimepangwa chini ya mgunga mmoja, ncha upande huu na chokaa upande ule, kama kuni za mtu nadhifu.

Nilikuwa kijana na kazi ilikuwa yangu. "Nani mwizi huyu?" nikasema.

"Mwizi angechemshia chai," Msimamizi akanijibu. "Huyu amekupangia. Amekuandikia barua. Kaa chini uisome."

Tulikaa. Punde akatoka mwanamke kijana kati ya mikoma, ana mtoto mgongoni na fimbo ndefu yenye ndoano ya kutikisia matawi. Mtoto alikuwa Ebei, na kuanzia siku hiyo mama yake hatukumwita kwa jina lingine ila Mama Ebei.

"Ejok, mama," Msimamizi akamsalimu.

"Ejok nooi."

"Hizi vijiti ni zako?"

"Hapana, ni zako. Nimekuchungia."

"Umeng'oa kwa nini?"

"Na wewe umepanda kwa nini? Umeona hapa ni shamba ya vijiti?"

Vibarua waliangua kicheko. Msimamizi hakukasirika. Alitoa tumbako mfukoni, akaimega, akampa, naye akapokea na kukaa. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza.

Mgeni akipita kando ya Turkwel huona miti tu. Haoni ua, haoni seng'enge, haoni kibao, naye huamua kwamba ni pori. Si pori. Kila kipande cha miti ukingoni kina wenyewe, na kipande hicho huitwa ekwar. Familia hurithishana ekwar kama watu wa kwingine wanavyorithishana shamba. Mvua ikinyesha hutamkuta mtu hapo, kwa sababu watu na mifugo wamefuata majani, milima ya Loima au mbali zaidi. Kiangazi kikikaza wanarudi mtoni, na maganda ya mgunga yanayoanguka wakati huo ndiyo yanayowaweka mbuzi hai mpaka mvua nyingine. Mtu mwenye njaa hatikisi mti wa ekwar ya mwenzake bila kuomba. Ile ilikuwa ekwar ya familia ya mume wa Mama Ebei, na mume alikuwa mbali na ng'ombe.

Mama Ebei alituzungusha akituonyesha kwa fimbo. "Huyu ni ya mbuzi, usiguse. Huyu, mama ya mume wangu amezaliwa chini yake. Huyu pia usiguse, iko na nyuki." Alifika kwenye mgunga mmoja uliokauka upande. "Huyu amezeeka. Hata matusi yangu haisikii. Kata."

Tukaukata huo mmoja. Barabara tukaipinda, ikaacha ukingo, ikazunguka nyuma ya miti, ikarudi mtoni mbele. Madereva wa malori waliipa jina kona hiyo hata kabla udongo wake haujakauka: Kona ya Mama Ebei.

Mhandisi wa Wilaya alikuja kukagua. Alikuwa ametoka Kenya, kama tulivyokuwa tukisema sisi wa huku tukimaanisha kote kusini mwa Kitale. Aliteremka kwenye gari, akasimama katikati ya kona, akatazama huku na huku.

"Msimamizi, mbona barabara yako imelewa?"

"Haijalewa, bwana. Imesalimia."

"Imesalimia nani?"

Msimamizi akamwelekezea kidevu upande wa miti, alipokuwa Mama Ebei akiwakusanyia mbuzi maganda. Mhandisi alimtazama, akaitazama miti, akaniomba maji ya kunywa. "Basi iacheni isalimie," akasema, akapanda gari. Mhandisi yule alikuwa na shahada na alikuwa mgeni, na zilimtosha dakika hizo chache kuelewa. Mkumbuke hilo nitakapofika mbele.

Miaka iliyofuata nilijifunza kazi yote. Nilijifunza kwamba barabara lazima iwe na mgongo, katikati iwe juu kuliko pembeni, ili maji ya mvua yasilale juu yake. Nilijifunza kuchagua moramu, udongo mwekundu wenye kokoto, kwa kuumwagia maji na kuufinyanga kiganjani: ukishikana kama ugali ni mzuri, ukiteleza kama sabuni uache shimoni. Nilijifunza kukaa na dereva wa greda, mtambo wenye jembe refu tumboni, maana dereva wa greda akinuna barabara nzima inanuna. Nilipelekwa Kaaleng, ambako upepo ulifukia kazi yetu kwa mchanga kila tulipogeuza mgongo. Nilipelekwa Lorugum. Kila mahali tulilaza vigingi kwanza, na kila mahali kuna kona ambayo naweza kuwatajia mwenyewe wake.

Halafu nilipelekwa Kakuma, nikiwa sasa msimamizi mimi mwenyewe. Kazi ilikuwa drifti juu ya laga ya Tarach na njia za kuingia pande zote mbili. Nililaza vigingi kama nilivyofunzwa. Nilipokwenda kutazama, hapakuwa na kigingi hata kimoja, na hapakuwa na rundo popote. Nikafadhaika. Nikawaza kwamba Kakuma nzima imekataa drifti.

Fundi wangu mwashi alikuwa Mkongomani wa kambi ya wakimbizi, Baba Furaha, mtu wa kuimba kanisani na kutania kila mahali pengine. Alinitazama nikizungukazunguka.

"Mukubwa, unatafuta nini?"

"Vigingi vyangu."

"Aa, ile vijiti? Batu balishakula."

"Wamekula vijiti?"

"Balipikia maharagi. Kwenu kijiti iko barua. Kwetu huku iko kuni."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ni yeye aliyenipa dawa: "Weka mawe. Jiwe haiivishe kitu." Tukapanga mawe yaliyopakwa chokaa. Nayo yalisimama, isipokuwa sehemu moja upande wa juu, ambako kila tulipoyapanga tuliyakuta yamesukumwa kando. Tulikwenda kukaa pale, na asubuhi hiyo hiyo tukawaona: wanawake wa Lopur wakileta makaa kuuza kambini, na wanawake wa kambini wakiteremka kuchimba maji mchangani. Ukuta wa njia yetu ungewafungia wote. Tuliwaachia mteremko wa ngazi pana, na Baba Furaha akaumalizia kwa sakafu laini kwa sababu, alisema, hata mzigo una haki yake. Nawaambia haya ili msije mkadhani naabudu kipande cha mti. Kigingi chaweza kuwa jiwe. Chaweza kuwa kamba au tawi la mti wa mswaki. Sharti ni moja tu: mtu wa mahali pale aweze kukiondoa kwa mkono wake.

Nilikuwa Kakuma niliposikia kwamba Barabara ya Mtoni itawekwa lami. Nilifurahi. Msidhani mimi ni adui wa lami. Moramu ile ilikuwa ikila mapafu ya watu wa sokoni na kila mvua kubwa iliikwangua. Niliporudishwa Lodwar kusaidia mradi huo, siku za mwisho za utumishi wangu, nilikwenda moja kwa moja mtoni kabla hata ya kuripoti.

Nikakuta bikoni. Bikoni ni nguzo fupi ya zege inayofukiwa ardhini mpaka ibaki kichwa tu, na hutumiwa kuweka alama isiyosogea. Zilikuwa zimefuata mstari mmoja ulionyooka kama uzi, kutoka kwenye pampu hadi Kawalase. Kona ya Mama Ebei ilikuwa imeachwa kando, na mstari ulipita katikati ya ekwar. Migunga ilikuwa na alama ya msalaba ya rangi nyekundu. Hata ule wenye nyuki. Hata ule aliozaliwa chini yake mama mkwe.

Ekwar yenyewe ilikuwa tupu. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri mwaka huo na familia zote zilikuwa Loima.

Meneja wa Mradi alinipokea ofisini kwa heshima. Alikuwa kijana wa hapa hapa, Mturkana, aliyesoma mbali akarudi. Nilimweleza habari ya kona. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu, habari hiyo naijua. Lakini baraza la wananchi lilifanyika. Ilitangazwa. Hakuna aliyejitokeza kusema miti ni yake."

"Lilifanyika lini?"

"Baada ya mvua kuanza."

"Na nani hukaa mtoni baada ya mvua kuanza?"

Alinitazama. Mama yake mwenyewe ana ekwar upande wa juu wa mto; nimewahi kuomba kivuli hapo. Nilingoja ajifanye hajui. Hakujifanya.

"Hakuna mtu," akasema. "Ndiyo maana baraza lilienda vizuri. Hapakuwa na fujo."

Nimeandika maneno hayo kama alivyoyasema. Nimeyasikia kichwani kila siku tangu hapo. Mnaambiwa kila mara kwamba mambo kama haya hutokea kwa sababu wakubwa hawaelewi maisha ya mfugaji, kwamba tukiwaelimisha yatakoma. Uongo. Mgeni kutoka Kenya alielewa kwa kutazama mara moja. Huyu hakuhitaji hata kutazama. Alinyonya maziwa ya mbuzi waliokula maganda hayo. Alijua, na akautumia ujuzi wake kama mwizi anayejua saa mwenye nyumba anapokwenda kanisani.

"Kuna shida gani kuipinda kidogo?" nikamuuliza. "Kona imekaa pale maisha yangu yote ya kazi. Haijamuua mtu."

"Mchoro unataka mstari, mzee. Na wewe umebakiza muda mfupi sana. Usijichafulie."

Nilikataa kusimamia ukataji. Nilihamishiwa mwisho wa Kawalase kupanga mawe ya ukingo, yale yanayozuia lami isimomonyoke pembeni, na mtu mwingine akashika kazi ya miti. Kukataa kwangu hakukuokoa hata tawi. Misumeno ilisikika mpaka tulipokuwa. Nyuki walizagaa siku ile hadi sokoni, wakawauma watu ambao hawakuhusika.

Kiangazi kilipokaza familia zikarudi. Mama Ebei alikuja na mbuzi kutoka upande wa Napetet kama miaka yote, sasa nywele nyeupe, na Ebei mtu mzima akiwa mbele ya kundi. Lami ilikuwa bado haijamwagwa. Palikuwa na tuta la moramu lililoshindiliwa kwa rola, na visiki. Niliitwa na kibarua mmoja: "Mzee, kuna mama anapigana na bikoni."

Nilimkuta amepiga magoti. Alikuwa amechimba mchanga kwa mikono kuizunguka nguzo ile ya zege, na sasa alikuwa ameikumbatia kichwa akiivuta. Vibarua vijana walikuwa wamesimama wakicheka. Mmoja alimwambia, "Vuta, mama, itatoka na maji!" Niliwafukuza kwa maneno ambayo sitayaandika.

Aliponiona aliacha kuvuta. Hakunisalimu.

"Erupe, vijiti viko wapi?"

"Safari hii hawakuweka vijiti, mama."

"Sasa hii nitang'oa namna gani? Hii haina shingo."

Alinyanyuka, akapangusa mchanga magotini, akavihesabu visiki kwa fimbo kama mtu anayehesabu mifugo baada ya uvamizi. Kisha akaenda kwenye migunga michache iliyosalia upande wa maji, ile ambayo mstari wa mchoro uliikosa kwa bahati, akakaa chini yake, akatugeuzia mgongo.

Barabara ilikamilika. Ni nzuri, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Wengi hungoja kusikia kwamba mto umeipasua, kwamba lami imeng'oka, kwamba Mungu amelipa kisasi. Hapana. Mgongo wake uko sawa, mitaro inafanya kazi, na mawe ya ukingo niliyapanga mimi na hayajatikisika. Gari la wagonjwa linafika hospitali upesi, na kina mama wa sokoni hawali vumbi tena. Barabara hiyo hiyo, kwa ubora huo huo, ingeweza kupinda. Mngechelewa Kawalase kwa muda wa kupiga chafya. Basi msiniambie kwamba miti ile ilikuwa bei ya maendeleo. Haikuwa bei ya kitu chochote. Ilikatwa ili mtu mmoja aepuke mazungumzo ya asubuhi moja na mwanamke mwenye fimbo.

Siku yangu ya kustaafu nilifanyiwa sherehe uani, soda na mbuzi choma. Meneja alihutubia. Alisema nilianza kazi kwenye njia iliyopinda na ninaondoka nikiiacha iliyonyooka, na watu wakapiga makofi. Nilipopewa nafasi nilisema hivi tu: "Barabara ile imenyooka kwa sababu haikumsalimu mtu." Wachache walicheka wakidhani ni utani wa mzee. Meneja hakucheka. Aliangalia soda yake.

Nilitaka kuishia hapo na kuwaachia vijana mafunzo ya mitaro na moramu. Lakini kiangazi hiki nilipokuwa nikitembea mtoni, kama ninavyofanya kila asubuhi, nilimkuta Mama Ebei chini ya migunga yake iliyosalia. Mbuzi wake sasa huvuka lami kufika hapo, na Ebei husimama katikati ya barabara na shuka yake kuzuia magari, huku madereva wakimpigia honi na kumwuliza kama yeye ni trafiki wa mbuzi. Miti hiyo michache ndiyo yote waliyo nayo.

"Erupe," akaniita. "Macho yangu siku hizi ni ya kuazima. Ile nyeupe pale kwa mchanga, ni ndege ama ni kijiti?"

Niliangalia. Vilikuwa vingi, vimeizunguka miti yote.

"Ni kijiti, mama."

Nilikwenda mjini kuuliza. Niliambiwa kwamba ofisi inataka mahali pa kupumzikia kando ya barabara: maegesho, viti vya zege, vibanda vya soda, wageni wakae watazame mto. Migunga itaondolewa kwa sababu maganda yatachafua magari. Na vigingi ni vya mti kwa sababu mpimaji alikuwa na haraka. Bikoni zitakuja baadaye. Nikauliza baraza litakuwa lini. Karani alinijibu bila kuinua kichwa: "Mvua zikishaanza, mzee."

Nilirudi mtoni nikamweleza Mama Ebei. Alitafuna tumbako yake.

"Mgongo wangu hauinami tena," akasema.

"Najua."

"Basi?"

Maisha yangu yote sikuwahi kung'oa kigingi. Kwa mtu wa barabara hilo ni jambo la aibu, kama mpishi kutemea chungu chake. Niliinama, nikashika cha kwanza, nikakitingisha kushoto na kulia kulegeza mchanga, nikakivuta. Vigingi hutoka kwa urahisi ukijua vilivyoingia. Niliving'oa vyote mchana kweupe, magari yakipita, watu wakiniona. Nikavipanga chini ya mgunga, ncha upande huu na chokaa upande ule.

Meneja alikuja siku iliyofuata. Siku hizi amepanda cheo. Aliteremsha kioo cha gari lakini hakushuka.

"Mzee Erupe, nasikia ni wewe. Wewe! Mtu wa barabara!"

"Ndiyo. Na wewe ni mtu wa hapa. Shuka uisome."

"Nisome nini?"

"Unajua kusoma vizuri kuliko mimi."

Mama Ebei akadakia kutoka kivulini, "Mwambie mtoto wa watu ashuke. Tumbako amebeba?"

Meneja alimtazama, akavitazama vigingi. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyefumaniwa. Alisema nitaitwa ofisini, kwamba kuna sheria ya mali ya serikali, akapandisha kioo, akaondoka. Sijaitwa bado. Hakuna aliyekuja kuvipigilia upya.

Sasa mawingu yameanza kukusanyika upande wa Loima. Familia za mtoni zinafunga mizigo juu ya punda, na Ebei ameshachagua siku ya kuwaondoa mbuzi. Mama yake haendi. Mwanamke aliyefuata mvua tangu alipokuwa mgongoni mwa mama yake mwaka huu atakaa kando ya lami, bila kundi lake, bila wajukuu, chini ya mti ambao hauna hata ganda wakati huo. Hana kazi yoyote ya kufanya hapo. Atakaa ili aonekane yupo. Hilo ndilo tulilomfanyia, sisi watu wa barabara na watu wa ofisi, na mimi sina neno la upole la kufungia maandishi haya.

Vigingi viko pale chini ya mgunga, vimepangwa. Havijaibwa. Nimepeleka turubai na birika langu nikae naye, na Ebei ametuachia mbuzi mmoja wa maziwa. Waitishe baraza lao wakati wowote wapendao. Mvua ikinyesha, watatukuta.